Sindano ya Kabla ya Chai

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, Fundi alifungua kopo la sindano, akachagua iliyo ndogo kuliko zote, akaishika mbele ya dirisha na kupitisha uzi mweusi kwenye tundu lake. Hakuulamba uzi. Kulamba uzi, alisema, ni kazi ya wanaojifunza na wanaozeeka, na yeye hakuwamo katika kundi lolote kati ya hayo mawili, ingawa mwaka wa sitini ulikuwa umeshampita na kwenda zake. Uzi ukishapita aliuinua juu, akauliza bila kugeuka:

"Umepita, haujapita?"

"Umepita," alijibu mkewe.

"Basi tunywe chai."

Mkewe aliitwa Vifungo na mtaa mzima. Miaka thelathini alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa kushoto wa cherehani ya mumewe, akishona vifungo, akikata matundu yake, akipinda mapindo, hata jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, cha nyuma kilikuwa cha kulala, na baina ya hivyo viwili kulikuwa na pazia ambalo Fundi aliahidi kulibadilisha tangu binti yao wa mwisho hajaolewa. Nyumba ya mganga haikosi mgonjwa, na nyumba ya fundi pazia lake ndilo lililochanika.

Pamoja na chai kilikuja kidonge chekundu, laini, chenye mng'aro, kimoja kila siku. Vifungo alikitoa kwenye boksi, akamwekea mumewe kiganjani. Juu ya rafu, nyuma ya mikebe ya vifungo, kilikaa kichupa cha plastiki cha dawa ya matone. Kilikuwa kimekauka miezi tisa sasa.

Matone yale yalitoka kliniki ya macho. Walimwambia Fundi ana presha ya macho, haina maumivu na haina kelele, atie tone moja asubuhi na moja jioni, siku zote za uhai wake. Akatia. Matone yakawasha, macho yakawa mekundu, wateja wakaanza kunong'ona kwamba Fundi siku hizi anaanza chupa mapema. Na kibaya zaidi, hakuona tofauti yoyote. Dawa inayouma bila kuponya, alisema, ni adhabu, na yeye hajui kosa lake.

Hapo ndipo dada yake mdogo, wifi yake Vifungo, alipoleta boksi la kwanza, tena la bure.

Wifi huyu hakuwa tapeli. Hilo lisemwe mapema, maana watu ni wepesi kumtia mwenzao kwenye gunia la wezi. Alikuwa karani miaka kumi na saba, ofisi ikapunguza watu, yeye akawa wa kwanza kupunguzwa. Magoti yakamkamata. Akameza vidonge vya mwani miezi mitatu, magoti yakamwachia, akaona kama Mungu amemfungulia mlango aliokuwa anaugonga kwa kichwa. Tangu hapo hakulala na habari hiyo peke yake.

"Kaka, mwili ni chuma," alisema siku ile, ameketi kwenye kiti cha wateja. "Chuma kikikaa nje kinaota kutu. Mwili nao unaota kutu, macho ndiyo ya kwanza. Sasa huu mwani ni mdogo mno, hauonekani mmoja mmoja mpaka kwa hadubini. Jua likiwa kali, maji yakikauka, haufi. Unajigeuza mwekundu, unajifungia na wekundu wake, unangoja. Kile kinachoulinda ndicho kimo humu ndani. Kinazuia kutu."

Fundi alipenda maneno hayo. Alikuwa anajua kutu. Alishapambana nayo kwenye cherehani maisha yake yote. Akameza. Wiki ya tatu alisema anajisikia mwepesi, na ngozi yake kweli iling'aa kidogo. Na kila asubuhi uzi ulipita. Kwa fundi wa nguo, kipimo gani kingine cha macho kinahitajika?

Asubuhi moja ya Jumatatu Vifungo aliweka kikombe cha chai mahali pake, pembeni mwa cherehani upande wa kushoto. Fundi alivuta kitambaa cheupe cha mteja, kiwiko kikapiga kikombe, chai ikaenda yote kwenye kitambaa.

"Nani kaweka kikombe hapa?"

"Kipo hapo miaka thelathini."

"Basi leo kimesogea." Alicheka. Vifungo hakucheka, maana kitambaa kilikuwa cha bibi harusi. Alikimbilia beseni, akatia sabuni, akasugua mpaka vidole vikachubuka. Ilikuwa mara ya nne mwezi huo. Akajiambia mume wake anazeeka, na mzee hugonga vitu. Neno hilo lilikuwa jepesi kubeba kuliko jingine lolote, kwa hiyo akalibeba.

*

Wifi alikuja mchana wake na faili la plastiki kifuani.

"Jumamosi tuna semina kubwa," alisema. "Ukumbi wa juu ya benki. Watu mia tatu. Wifi, nimewaeleza wakubwa habari za kaka na sindano yake. Wamechanganyikiwa. Wanataka atoe ushuhuda."

"Ushuhuda wa nini?" aliuliza Fundi bila kuinua mguu kwenye pedali.

"Wa macho, kaka. Unapanda jukwaani, unapewa sindano, unatunga uzi mbele ya watu. Umri wako, presha ya macho, na huvai miwani. Si kweli?"

"Kweli."

"Basi unasema kweli tu. Hakuna wa kukuomba uongo."

Fundi alitazama mbele yake akitabasamu. Hakuna mtu aliyewahi kumpigia makofi kwa kutunga uzi. Nguo alizoshona zilipigiwa makofi kwenye harusi za watu, yeye akiwa amekaa nyumbani anapinda nyingine.

Vifungo alikuwa na hesabu yake. Mwezi uliopita alichukua zamu yake ya pesa za mchezo wa kina mama, zile alizokuwa amezipangia bati jipya la paa, akanunua maboksi saba awe wakala. Boksi moja lilikuwa bei ya kushona suruali tano. Chupa ya matone ilikuwa bei ya suruali moja. Maboksi yalikaa chini ya meza ya kukatia, yamefunikwa shuka, na kwa mwezi mzima alikuwa ameuza moja tu, kwa jirani mwenye huruma. Ushuhuda ungeyauza yote kwa alasiri moja.

"Atakwenda," alisema Vifungo.

"Mimi sijasema," alisema Fundi.

"Utakwenda. Nitakunyooshea shati la bluu."

Wifi akatoa simu. "Tuanze na kavideo kadogo, nikarushe kwenye kundi. Kaka, tunga uzi kama unavyotunga kila siku. Wifi, wewe shika simu, mkono wako hautikisiki."

Kwa hiyo ni Vifungo aliyempiga picha. Sindano ilionekana, uzi ukaonekana, vidole vya mumewe vikaonekana, vinene, vyenye makovu ya miaka. Uzi ukapita mara ya kwanza. "Umepita, haujapita?" ilisikika sauti ya Fundi. "Umepita," ilijibu sauti ya mkewe nyuma ya simu, na jioni hiyo watu wasiowafahamu walikuwa wanaisikiliza.

*

Jumatano mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja mwenyewe. Kwa kawaida alituma mtu. Kila mwaka sare za darasa la kwanza zilishonwa hapo, magauni arobaini na kaptula arobaini, na kazi hiyo ndiyo iliyowavusha miezi mikavu. Mwaka huu darasa lilikuwa kubwa zaidi.

Mlango wa karakana ulikuwa upande wa kushoto. Mwalimu mkuu aliingia, akasimama hatua moja kutoka kwenye bega la Fundi, akanyoosha mkono.

"Fundi, habari za siku nyingi?"

"Nzuri, karibu," alisema Fundi. Macho yake yalikuwa kwenye kola aliyokuwa anaigeuza. Alijua kuna mtu, aliitikia kwa heshima zote, lakini mkono wa mwalimu ulibaki hewani. Ukakaa. Vifungo, kwenye kigoda chake, aliuona unakaa. Aliona pete, aliona kucha zilizokatwa vizuri, aliona jinsi vidole vilivyojikunja polepole na mkono ukarudi kwa mwenyewe na kujifanya unarekebisha mkoba.

"Mwalimu, karibu kiti," alisema Vifungo haraka, akainuka, akautafuta mkono ule kwa mikono yake miwili. Lakini mkono uliokataliwa haupokelewi na mwingine.

"Nilikuwa napita tu," alisema mwalimu mkuu. "Nitarudi."

Huyu ni mtu aliyezoea watoto mia nane kusimama anapoingia. Hakurudi. Ijumaa asubuhi alikuja karani wa shule kuchukua sampuli ya gauni iliyokuwa imetundikwa ukutani.

"Kazi amepewa fundi wa kule njia panda," alisema, akiikunja sampuli huku anatazama sakafu. "Mwalimu anasema Fundi siku hizi ana maringo. Hata mkono wa mtu hapokei."

"Mkono gani?" aliuliza Fundi.

Karani akaondoka. Fundi alisimamisha cherehani.

"Mkono gani, mama watoto?"

"Alikupa mkono, baba. Ukamwacha nao."

"Hakunipa mkono."

"Alikupa. Nimeona kwa macho yangu."

"Basi macho yako ndiyo yenye lake." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyesingiziwa. Alivuta kopo la sindano, saa nne asubuhi, akachukua ile ndogo, akatunga uzi palepale. "Umepita, haujapita?"

Vifungo alitazama uzi. Ulikuwa umepita. Akatazama uso wa mumewe, na jambo likamjia, waziwazi kabisa, kama mtu aliyemshika bega: kikombe, kiwiko, mlango wa kabati aliojigonga wiki iliyopita, mkono wa mwalimu. Vyote vilikuwa upande mmoja. Angeweza kusema. Angeweza kusimama pale pale aliposimama mwalimu, akanyoosha mkono wake mwenyewe, akangoja. Lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi, na shati la bluu lilikuwa limeshanyooshwa, na kazi ya sare ilikuwa imekwenda, na chini ya meza kulikuwa na maboksi sita.

"Umepita," alisema.

*

Ukumbini walimkalisha Fundi mstari wa mbele. Alisikiliza mwanamke aliyepungua kilo kumi, akasikiliza mwanamume aliyekuwa halali akawa analala. Vifungo alikaa safu ya pili na wifi yake, mkoba mapajani, ndani yake maboksi manne. Mengine mawili alikuwa ameyauza mlangoni kwa watu walioiona video.

Mshereheshaji, kijana mwenye suti inayombana makwapani (Fundi aliligundua hilo kabla ya kitu kingine), akamwita. Fundi alipanda ngazi za mbele taratibu. Akapewa sindano, akapewa uzi, kamera ikakisogelea kiganja chake mpaka sindano ikaonekana kwenye skrini ya ukutani kubwa kama mchi. Uzi ukapita.

Makofi yaliyolipuka hayakuwa ya kuombwa. Watu walisimama. Wifi alilia kwa furaha. Vifungo naye alipiga makofi, na kwa kitambo kile aliamini kila kitu, aliamini kutu, aliamini mwani, aliamini kwamba alichokiona jana ni wasiwasi wa mwanamke aliyechoka.

"Mzee wetu, pitia huku," alisema mshereheshaji, akionyesha kushoto kwenye ngazi za pembeni.

Fundi akageuka akiwa bado anatabasamu kwa watu. Akatembea kama mtu anayetembea chumbani kwake. Ngazi ilikuwa palepale, na utepe wa njano ukingoni, na kila mtu ukumbini aliiona. Yeye aliweka mguu hewani.

Alianguka kwa ubavu. Paji la uso lilipiga kona ya spika, na shati la bluu likageuka rangi. Kwanza zilisikika pumzi za watu, halafu, kwa kuwa mshereheshaji alikuwa anaijua kazi yake, ikasikika sauti yake kwenye kipaza sauti: "Furaha imemzidi mzee wetu! Tumpigie makofi tena!" Na watu wakapiga. Wengine walicheka, si kwa ubaya. Vifungo alipita katikati ya makofi hayo, mkoba ukamponyoka, na maboksi yakasambaa kwenye njia. Aliyaruka.

Alimkuta mumewe amekaa sakafuni, damu inaingia jichoni.

"Kulikuwa na ngazi?" aliuliza Fundi.

"Ilikuwepo, baba."

"Hawakuniambia kuna ngazi."

*

Muuguzi aliyemshona paji la uso alikuwa na haraka, lakini alipokuwa anakata uzi alisogeza mkasi upande wa kushoto wa uso wake, akausogeza tena, kisha akamtazama Vifungo badala ya kumtazama mgonjwa.

"Mama, Jumatatu mpeleke kliniki ya macho," alisema. "Usipitishe Jumatatu."

Jumatatu walingoja kwenye benchi tangu saa moja mpaka saa sita. Fundi hakutunga uzi asubuhi hiyo. Alisema kichwa kinauma. Walipoitwa, alikalishwa mbele ya mashine yenye bakuli kubwa jeupe, akawekwa kidevu, jicho moja likafunikwa, akapewa kitufe.

"Tazama katikati tu, baba," alisema daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyeongea tangu alfajiri. "Utaona vitaa vidogo vinawaka huku na huku. Kila ukikiona, bonyeza. Usivitafute."

Vifungo aliruhusiwa kukaa nyuma. Kutoka pale aliviona vitaa. Kilichowaka juu, Fundi hakubonyeza. Cha kushoto, hakubonyeza. Cha kushoto tena, chenye mwanga mkali zaidi, hakubonyeza. Cha katikati, akabonyeza, kidole upesi, fundi wa kweli. Vifungo alijikuta anabonyeza kwa niaba yake, kidole gumba kikiminya pindo la gauni lake, kila kitaa kilichopita bure. Baada ya muda akafumba macho.

"Mashine yenu mbovu," alisema Fundi alipomaliza. "Dakika nzima haiwaki kitu."

Daktari hakubishana. Alichapa karatasi mbili, akaziweka mezani. Kila moja ilikuwa na duara. La jicho la kulia lilikuwa limeliwa pembeni, zaidi upande wa kushoto. La kushoto lilikuwa jeusi lote, isipokuwa katikati palipobaki doa jeupe la ukubwa wa kifungo cha shati.

"Hicho cheupe ndicho anachoonea?" aliuliza Vifungo.

"Kwa jicho hilo, ndicho."

"Lakini anatunga uzi. Sindano ndogo kabisa, daktari. Kila siku. Bila miwani."

"Atautunga hata ukibaki mwezi mmoja kabla ya giza," alisema daktari. "Ugonjwa huu unaanzia kando, katikati unapaacha mwisho. Matone aliyatumia?"

Fundi akamgeukia mkewe. Kisha Vifungo akafungua mkoba, akatoa boksi moja aliloliokota kwenye njia ya ukumbi, akaliweka juu ya karatasi. Daktari alilisoma upande wa nyuma, mistari yote, kwa subira ambayo Vifungo hakuitegemea.

"Sisemi ni sumu," alisema. "Mwani huu unachunguzwa, na pengine una faida zake. Kama mna uwezo na hamna dawa nyingine inayogongana nao, mngeniuliza, pengine ningewaambia ameze. Ila hiki hakishushi presha ya jicho. Tatizo si mlichokula, mama. Ni mlichoacha."

"Akianza matone leo, hiki cheusi kitarudi?"

"Hapana." Alilisema bila kulizungusha, na Vifungo baadaye alimshukuru kwa hilo. "Kilichokwenda kimekwenda. Matone yanalinda kilichobaki. Kilichobaki si kidogo, kinatosha kushonea, kikilindwa."

Maji yakimwagika hayazoleki. Vifungo alikuwa amelisema hilo kwa wateja wasiohesabika walioleta vitambaa vilivyokatwa vibaya. Leo liligeuka na kumtazama yeye.

"Nilijua," alisema. "Ijumaa nilijua."

"Ijumaa ilikuwa imeshachelewa," alisema daktari, na akaandika jina la dawa.

*

Siku ya kwanza nyumbani Fundi hakushona. Alikaa mbele ya cherehani mikono mapajani. Vifungo alikuwa kwenye kigoda chake, anatia vifungo shati la mtu. Saa nzima ilipita.

"Uko wapi?" aliuliza Fundi.

"Nipo hapa."

"Kwenye kigoda?"

"Ninakaa wapi siku zote?"

Fundi alitikisa kichwa polepole. "Sijakuona hapo siku nyingi, mama watoto. Sikumbuki tangu lini. Nasikia sauti, najibu. Sikujua kama sikuoni."

Vifungo aliweka shati chini. Alilia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, bila kelele, kama alivyokuwa amezoea kufanya kila kitu ubavuni mwa cherehani ile. Kisha akajifuta, akainuka, akabeba kigoda, akakipitisha mbele ya mashine mpaka mahali wanaposimama wateja wakipimwa. Akakaa. Fundi akamtazama muda mrefu.

"Umezeeka," alisema.

"Na wewe usijitie hamnazo. Laza kichwa nyuma."

Tone likaingia. Fundi akasaga meno. Aliuliza kama hilo la pili litauma hivyohivyo, na mkewe akamwambia litauma zaidi.

Wifi alikuja siku ya tatu. Alisimama mlangoni, akashindwa kuingia mpaka kaka yake alipomwita kwa jina la utani la utotoni. Hakuleta faili. Alisema magoti yake ni kweli yalipona, hilo hawezi kulikana. Alisema angejua asingeleta hata kidonge kimoja. Vifungo alikuwa amejiandalia maneno makali siku mbili nzima, lakini alipoutazama uso ule uliokonda hakuyaona tena. Akamwongezea sukari kwenye chai.

"Nimewaomba waifute video," alisema wifi. "Wamesema wameifuta. Lakini wifi, ipo kwenye simu za watu. Nimetumiwa jana na mtu asiyejua kama ni kaka yangu."

*

Wiki mbili baadaye, mchana, aliingia mwanamke mwenye sare ya mfagizi wa ofisi. Alibisha hodi kwa adabu na kunyoosha simu mbele yake.

"Samahani, ni hapa kwa yule mzee wa sindano?"

Ilikuwa video ileile. Umepita, haujapita? Umepita.

"Ni hapa," alisema Vifungo.

"Baba yangu ana presha ya macho. Matone yanamtesa, tangu aione hii hataki kuyasikia. Nimejipapasa mwezi huu nimepata ya boksi moja." Tayari alikuwa ameshika noti, zimekunjwa mara nne, joto la kiganja bado limo ndani yake. "Nikikosa moja nitachukua hata nusu."

Maboksi matatu yalikuwa bado chini ya meza ya kukatia. Watu wema wa ukumbini walikuwa wameyaokota na kuyarudisha. Mwaka huo hapakuwa na sare. Bati lilikuwa linavuja juu ya kitanda. Vifungo alizitazama noti zile kwa kitambo ambacho baadaye aliona aibu kukikumbuka, na kama angeulizwa, angesema hakikuzidi pumzi mbili. Fundi alikuwa anashona. Alisimamisha mashine, akamwachia mkewe jibu.

"Rudisha pesa zako kifuani, dada," alisema Vifungo. "Njoo usimame hapa."

Alimshika mkono, akamweka kushoto kwa cherehani, mahali sakafu ilipochimbika kwa miguu ya kigoda cha miaka thelathini. Yeye akarudi kukaa mbele.

"Mpe mkono mzee."

Mwanamke hakuelewa, lakini alikuwa mtu wa adabu. "Shikamoo, baba," alisema, akanyoosha mkono.

"Marahaba, mwanangu," alisema Fundi. Alikuwa anatabasamu, anatazama mbele, kwa mkewe. Mkono wa yule binti ulikuwa karibu kugusa sikio lake. Ulikaa hewani.

"Ameshanipa, hajanipa?" aliuliza Fundi bila kugeuka.

"Ameshakupa," alijibu mkewe.